Bariadi kwa Miguu Minane

Ukitoka Mwanza ukashika barabara ya Musoma, ukafika Lamadi ukakata kulia, teremsha vioo vya gari. Mbele yako kuna kilomita 70 na ushee za lami, mashamba ya pamba huku na huku, ng'ombe wanaovuka barabara bila haraka yoyote, na anga pana ambayo sisi watu wa Dar tulishaisahau. Halafu unaingia Bariadi. Mpaka mwaka 2012 huu ulikuwa mji wa wilaya tu, chini ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka huo, Bariadi ikawa makao makuu, na tangu hapo mji umekuwa kama kijana aliyerefuka ghafla: suruali imekuwa fupi, sauti imekuwa nzito. Ofisi, benki, nyumba za kulala wageni, bodaboda mpaka basi.

Vijana wengi tumeletwa huku na barua za ajira au za uhamisho, na kila mgeni hupewa ushauri uleule. Serengeti iko jirani, nenda. Samaki wa Lamadi, usikose. Subiri pamba ivunwe uone watu wanavyocheza ngoma. Ushauri mzuri, sikatai. Ila mimi nina wangu: uuone mji huu ukiwa umeshika kamba ya mbwa mwoga. Hakuna mtembeza wageni atakayekuonyesha Bariadi kwa undani kiasi hicho, na kama una mwenzi wako, mtajuana kuliko mlivyojuana kwenye uchumba.

Mbwa mwenyewe anaitwa Pamba. Kwa rangi yake, na kwa heshima ya mkoa.

Alizaliwa Binza, Wilaya ya Maswa, kwenye kaya ya mzee mmoja mwenye ng'ombe wa kutosha na mbwa sita. Tulikwenda kule kumsindikiza rafiki yetu kupeleka posa. Mazungumzo ya mahari yalichukua kutwa nzima (Usukumani idadi ya ng'ombe haitajwi kwa pupa), na jioni mzee akatupa mimi na mume wangu zawadi ya kuanzia maisha: mbwa jike mweupe wa miezi mitano, masikio wima, mkia umejikunja kama mkono wa kikombe. Ndani ya ule ua wa minyaa alikuwa malkia. Anafukuza kuku, anapita chini ya matumbo ya ng'ombe, analala popote anapotaka.

Tulipomfikisha Somanda, umalkia ukaisha. Pikipiki ya kwanza kupiga honi ilimpeleka nyuma ya tangi la maji, na akakaa huko siku tatu. Mkia tumboni, anatweta kama ametoka mbio, chakula anakigusa usiku watu wakilala. Tukijaribu kumtoa nje ya geti, analala chini kama gunia na mkojo unamtoka. Wiki ya pili mtoto wa mpangaji mwenzetu akamfuata kulekule kwenye tangi kutaka kumshika. Pamba akaonyesha meno. Hakung'ata, lakini mwenye nyumba aliona, naye si mtu wa maneno mengi.

"Mayu," akaniambia, "ndani ya ua huu kuna watoto kumi na mmoja. Akimgusa mmoja, mnahama nyote watatu."

Basi ugomvi wa kwanza mkubwa wa ndoa yetu ya miezi minane haukuhusu simu wala hela. Ulihusu mbwa. Mume wangu amekulia nyumba ambayo mbwa hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, na habari inaishia hapo. "Mbwa kazi yake geti. Atembezwe aende wapi, kwani ana ofisi?" Mimi nikamwambia mbwa mwenye hofu ukimfunga mnyororo humwondolei hofu, unamwondolea pa kukimbilia, na mbwa asiye na pa kukimbilia hutumia meno. Yeye akasema kama ni hivyo arudi Binza kwa ng'ombe wake. Tulilala tumegeuziana migongo. Asubuhi tukafika mahali pa kuelewana: miezi mitatu. Ikishindikana, anarudi kwa mzee, na hakuna kununiana.

Kabla hujacheka na kusema haya ni mambo ya kizungu, kumbuka tunaishi wapi. Simiyu imepakana na Serengeti, na habari za mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi zinajulikana dunia nzima. Mbwa mwitu walitoweka katika hifadhi ile mwaka 1991, na kichaa cha mbwa ni moja ya sababu zinazotajwa. Mwaka 1994 simba wapatao theluthi moja walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa, na mbwa wa vijijini wakahusishwa nao. Kwa mwanadamu, kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza ni karibu hakuna kupona. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Ndiyo maana safari ya kwanza ya Pamba ilikuwa kwa bwana mifugo, amebebwa kwenye gari la kukodi, akapigwa sindano, tukapewa kadi. Na kwa kuwa tuko hapo, lichukue na hili: mbwa akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha kimbia hospitali ukaanze sindano, hata kama kidonda ni kama mkwaruzo.

Ushauri wa majirani ulikuwa mmoja: mburute. Mpeleke stendi saa saba mchana, mfunge kwenye nguzo, apige kelele mpaka achoke, atazoea. Wapo mbwa watakaonyamaza ukiwafanyia hivyo. Lakini kunyamaza si kuzoea. Mbwa wa namna hiyo amekata tamaa tu, na siku moja, kwa jambo dogo, ile hofu yote inatoka kwa mkupuo.

Nilichojifunza kwa kusoma ni kwamba kuna dirisha. Watafiti wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walilea mbwa kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965. Walionyesha kwamba mtoto wa mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani akiwa na umri wa wiki 3 mpaka kama 12 hivi. Alichokutana nacho wakati huo anakichukulia poa. Asichokutana nacho, baadaye anakitilia shaka. Wiki hizo Pamba alizitumia Binza. Kengele za ng'ombe, radi, fisi wa usiku, hivyo anavijua. Mashine ya kusaga, jenereta, spika ya duka la simu, watoto 200 wa shule wamevaa sare zinazofanana, hivyo hakuna aliyemwambia. Alikuwa mshamba wa mji, basi, kama nilivyokuwa mimi mshamba wa Usukuma miezi ya mwanzo, natafuta mtu wa kuniambia "mwangaluka" inajibiwaje.

Dirisha likishafungwa haina maana huwezi kuingia. Unaingia kwa mlango, polepole. Na ufunguo wetu ulikuwa dagaa.

Wengi tumesikia shuleni habari za Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, na mbwa wake waliotokwa na mate kabla hata ya kuona chakula. Ndiyo hiyohiyo. Kinachotisha kinatokea, halafu dagaa anatokea. Pikipiki, dagaa. Pikipiki imepita, dagaa wamekwisha. Mpangilio ni muhimu kuliko unavyodhani: ukitoa dagaa kwanza halafu pikipiki ije, unamfundisha kwamba dagaa ni mtego. Dagaa wa Ziwa Victoria wako tele sokoni kwetu, wananuka vizuri (kwa mbwa), na mfuko wa koti langu la kazini haujapona mpaka leo.

Halafu kuna umbali. Hili ndilo watu wengi hawaliamini mpaka walione. Kila mbwa ana umbali ambao akiuona ule mzimu wake bado anaweza kufikiri. Ukivuka hapo, kichwa kinafunga. Kipimo ni rahisi: mpe dagaa. Akila, mko salama. Akikataa kitu anachokipenda kuliko maisha, mmekaribia mno, rudini nyuma hatua 20, wala usimgombeze. Kabla ya kukataa atakuwa amekuambia kwa njia nyingine: anapiga miayo wakati hana usingizi, analamba midomo, anainua mguu mmoja wa mbele, anageuza uso pembeni.

Vifaa havikutusumbua. Fundi viatu wa sokoni alitushonea mkanda wa kupita kifuani na mgongoni kutoka kwenye mikanda ya begi kuukuu, akacheka muda wote anashona. Kamba ya shingoni peke yake haifai kwa mbwa mwoga. Inamkaba, na akirudi kinyumenyume kwa nguvu inachomoka kichwani. Mbwa akichomoka katikati ya mji akiwa na hofu, jioni unaweza kumkuta Dutwa, au usimkute.

Siku tisa za kwanza hatukwenda popote. Tulifungua geti, tukakaa ndani hatua kumi kutoka pale, tukaangalia barabara kama wanaoangalia televisheni. Dakika tano, basi. Mume wangu alipita akienda kazini, akatikisa kichwa.

Siku ya kumi tukatoka saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri, na hapo ndipo nilipoiona Bariadi kwa mara ya kwanza, baada ya karibu mwaka wa kuishi ndani yake. Mji wa saa hiyo ni mwingine kabisa. Mama wa vitumbua anapuliza mkaa. Mzee anaswaga ng'ombe wanne katikati ya barabara ya lami kana kwamba lami ilitandikwa kwa ajili yao. Ikiwa mvua imenyesha usiku, ule udongo mweusi wa mbuga unakuongezea kisigino cha sentimita tatu bila malipo. Na watu wanasalimia! Mchana kila mtu ana shughuli zake, lakini alfajiri hupiti mtu bila "mwangaluka", halafu "mhola?", halafu unajibu "mhola duhu", halafu swali linalofuata ni kuhusu mbwa. Anaumwa? Unampeleka kuuza? Mbona amevaa?

Nilijibu kila siku, na hayo majibu ndiyo yalinipa mtaa. Jirani yangu mmoja ni Mwislamu, mama mtu mzima, na kwake mate ya mbwa ni najisi. Nilimwendea nyumbani kabla hatujaanza kupita kwake, nikamuuliza tupite upande gani. Akafurahi kuulizwa. Tunavuka barabara tukimwona anatoka, ananyanyua mkono, tunaendelea. Siku hizi yeye ndiye anayefokea watoto wanaobeba mawe.

Watoto walihitaji kazi, si kufokewa tu. Hawakuwa wabaya. Mtoto wa mjini amefundishwa vitu viwili kuhusu mbwa, kukimbia au kurusha jiwe, na vyote viwili vinamfanya mbwa mwoga awe hatari. Tukawafundisha wale 11 wa uani mchezo wa mti: mbwa akija, simama wima, mikono kifuani, angalia vidole vya miguu yako, kaa kimya. Mti hauumwi na mbwa. Waliucheza hata pasipo mbwa, wakautoa nje ya geti, na wiki ile nilikuta watoto nisiowajua wamesimama kama miti mbele ya mbuzi.

Kazi kubwa ilikuwa kijiwe cha bodaboda. Tulianzia hatua 60, chini ya mwarobaini, upande wa pili wa barabara. Asubuhi tatu vijana walitutazama tu. Ya nne mmoja akaja peke yake, kwa miguu, akauliza, "Dada, huyu mnyama anatuogopa sisi au mashine?" Nikamweleza. Akarudi kwa wenzake, wakajadiliana, na tangu siku hiyo tukapata walimu wasaidizi. Anawasha pikipiki, nampa dagaa. Anazima, nimeacha. Anawasha tena. Hawakuomba hata soda. Hatua 60 zikawa 50. Zikawa 40, zikarudi 55 siku ambayo bomba la moshi la pikipiki moja lililipuka kama risasi, zikawa 30. Ukitaka kujua vijana wa mji ni watu gani, waombe msaada kwa jambo wanaloliona la kipuuzi.

Mwezi wa pili nilishikwa na malaria, siku mbili sikunyanyuka. Nilijua mazoezi yamekatika. Asubuhi ya kwanza nikasikia geti, nikadhani mpangaji. Nusu saa baadaye mume wangu akaingia chumbani ananuka dagaa.

"Tulikuwa hatua 25," akasema. "Akapiga miayo mara mbili, nikamrudisha."

Sikujua kwamba alikuwa akinisikiliza muda wote ule. Sikumwambia kitu, nilisogea tu nikampisha kitandani.

Tangu hapo tunakwenda wote. Na hapa wasomaji wenye wapenzi mnisikilize vizuri, maana hili hakuna aliyeniambia. Ukishika kamba ya mbwa mwoga huwezi kushika simu. Mkono mmoja kamba, mkono wa pili dagaa, macho barabarani. Ni dakika 40 kila siku ambazo hakuna kati yenu anayechungulia kioo, na kwa kuwa mnaangalia mbele na si machoni, maneno magumu yanatoka kwa urahisi. Kwenye barabara ile ndipo aliponiambia hataki kurudi Dar. Mimi nilikuwa nahesabu miaka ya kuondoka, yeye alikuwa anahesabu bei za viwanja. Tungeyasema mezani tungegombana. Tuliyasema tukisubiri lori lipite, tukanyamaza, tukatembea, tukayarudia kesho yake. Bado hatujamaliza. Ila Jumapili moja alituchukua, mimi na Pamba, mpaka Nyakabindi, kule kwenye viwanja vya Nane Nane vilivyofanya maonyesho ya kitaifa miaka ya 2018 mpaka 2020, eti mbwa apate hewa. Njiani alipunguza mwendo mara tatu kuangalia mabango ya viwanja. Nilijifanya sijaona.

Miezi mitatu iliisha siku ya Jumanne. Pamba alikuwa amefikia hatua 15 kutoka kijiweni, na soko alikuwa hajaliona hata kwa mbali. Kwa mkataba wetu, hiyo ni sare, na sare ingeweza kubishaniwa. Jumatano mume wangu akarudi na kiroba kizima cha dagaa.

Sitaki nikudanganye kwamba leo anatembea kama mbwa wa kwenye sinema. Stendi bado haiwezekani. Juni ilipofika, msimu wa pamba ukafunguliwa, malori yakaanza kupita usiku na mchana, na tukarudi nyuma wiki mbili nzima, tukaanza tena na geti lililo wazi. Baada ya pamba zikaja ngoma. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu, na wakichuana, ngoma zinasikika mpaka kifuani. Wikiendi hizo hatutoki. Tunamwekea redio chumbani, tunafunga madirisha, tunakwenda kuangalia ngoma sisi wawili. Kumjua mbwa wako ni pamoja na kujua siku ya kumwacha nyumbani.

Lakini Septemba, wiki ya tarehe 28, ile Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani inayoadhimishwa tangu mwaka 2007, tulimpeleka kuchanjwa kwa miguu. Uwanja ulikuwa umejaa. Mbwa wamefungwa kamba za ng'ombe, mbwa wamebebwa mabegani, mbwa watatu kwa mvulana mmoja, wengine wanapiga kelele, wengine wanapigana. Tukasimama pembeni kabisa, hatua 40, tukatoa dagaa mmojammoja. Foleni ikasogea, nasi tukasogea. Alilamba midomo, tukasubiri. Alikula, tukasogea. Ilituchukua saa nzima na nusu. Mbele yetu alikuwa mzee mwenye koti kuukuu na mbwa mwekundu asiye na wasiwasi wowote, naye alikuwa akimtazama Pamba na ule mkanda wake wa begi tangu tulipofika.

"Huyu wenu wa wapi?" akauliza.

"Binza," mume wangu akajibu.

Mzee akamwangalia Pamba tena, akatingisha kichwa. "Binza," akasema. "Basi mmempeleka shule." Akatupisha tupite kwanza.